Grace Hopper: Mwanamke aliyeitaka kompyuta ijifunze lugha ya watu

Mkulima wa tumbaku wa Mishamo au wa mpunga wa Usevya anapofungua simu yake ya kitochi kuangalia kama malipo yameingia, hukutana na maneno ya Kiswahili: tuma pesa, toa pesa, weka namba ya siri. Ni maneno anayoyafahamu tangu utotoni. Lakini ndani ya simu hiyo, na ndani ya mitambo mikubwa inayopokea ombi lake, hakuna Kiswahili wala Kiingereza. Kuna umeme unaopita na umeme usiopita, hali mbili ambazo wataalamu huziandika kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1.

Kati ya maneno ya mkulima na tarakimu hizo kuna daraja. Daraja hilo ni lugha za programu za kiwango cha juu, yaani lugha zinazomwezesha mtu kuiamuru kompyuta kwa maneno na alama anazozielewa, kisha kompyuta yenyewe ikazigeuza kuwa tarakimu zake.

Katika makala haya tunamwangazia mmoja wa watu waliolijenga daraja hilo, Grace Hopper, mwanahisabati na afisa wa jeshi la wanamaji la Marekani, aliyefariki dunia mwaka 1992. Hakuwahi kuwa mtu wa Katavi. Hata hivyo swali alilolishikilia maisha yake yote linatuhusu sana mkoani kwetu: kati ya mtu na mashine, nani anapaswa kujifunza lugha ya mwenzake?

Binti aliyefungua saa saba

Grace Brewster Murray alizaliwa jijini New York tarehe 9 Desemba 1906, mtoto wa kwanza kati ya watatu. Alipokuwa na umri wa miaka saba alitaka kujua saa ya kengele inafanyaje kazi. Akaifungua, ikamshinda kuirudisha, akachukua nyingine aone ilivyo, na nyingine tena. Mama yake alipogundua, saa saba za nyumbani zilikuwa zimeshafunguliwa. Adhabu haikuwa kali: aliruhusiwa kuendelea na uchunguzi, ila kwa saa moja tu.

Baba yake, aliyekuwa wakala wa bima, alitaka mabinti zake wasome sawa na kaka yao, jambo ambalo wakati ule halikuwa la kawaida. Grace alihitimu hisabati na fizikia katika Chuo cha Vassar mwaka 1928, akapata shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1930, na shahada ya uzamivu ya hisabati hapo hapo Yale mwaka 1934. Mwaka 1930 aliolewa na Vincent Hopper. Ndoa hiyo ilivunjika mwaka 1945, lakini jina la Hopper alibaki nalo hadi kufa.

Alirudi Vassar kufundisha, na pengine angezeekea darasani kama si Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Aliomba kujiunga na jeshi la wanamaji akiwa na umri wa miaka karibu 37, mwembamba kiasi kwamba uzito wake haukufikia kiwango kilichotakiwa. Alipewa ruhusa maalumu, akaapishwa katika kikosi cha akiba cha wanawake mwezi Desemba 1943, akamaliza mafunzo ya uafisa akiwa wa kwanza katika kundi lake.

Mashine ya mita 15

Mwaka 1944 alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard, mahali palipokuwa na mashine ya kukokotoa iliyoitwa Mark I, chini ya Howard Aiken. Ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 15 na uzito unaokaribia tani tano. Kazi yake wakati wa vita ilikuwa kutengeneza majedwali ya hesabu kwa ajili ya jeshi.

Kuiamuru Mark I hakukuwa kazi ya maneno. Mtaalamu alivunja hesabu yake katika hatua ndogo ndogo, kila hatua akaigeuza kuwa namba, na kila namba ikatobolewa kama matundu kwenye ukanda wa karatasi. Tundu moja likikosewa, jibu lote huharibika. Hopper aliandika kitabu cha maelekezo cha mashine hiyo, chenye kurasa zaidi ya 500, kilichotoka mwaka 1946.

Kuna kisa kimoja cha Harvard ambacho husimuliwa sana. Mwezi Septemba 1947, mafundi wa mashine iliyofuata, Mark II, walimkuta mdudu aina ya nondo, yule kipepeo wa usiku, amenasa kwenye swichi na kusimamisha kazi. Wakambandika kwenye daftari la kumbukumbu. Wengi husema kwamba Hopper ndiye aliyempata, na kwamba hapo ndipo hitilafu za mashine zilipoanza kuitwa mdudu kwa Kiingereza. Yote mawili si sahihi. Neno hilo lilishatumiwa na mafundi wa umeme miaka mingi kabla yake, na nondo alipatikana na wenzake. Hopper alikuwa msimulizi hodari tu, na kisa kikamganda.

Makosa ya kunakili

Baada ya vita, Harvard haikumpa nafasi ya kudumu. Ulikuwa wakati mgumu: ndoa imekwisha, kazi haina uhakika, na pombe ilikuwa ikimsumbua. Mwaka 1949 alihamia Philadelphia, kwenye kampuni changa ya Eckert na Mauchly iliyokuwa ikijenga kompyuta ya biashara ya UNIVAC.

Hapo alianza kuchunguza jambo ambalo wenzake hawakulitilia maanani, yaani namna watu wenyewe wanavyofanya kazi na mashine. Aliona kwamba waandishi wa programu walikuwa wakirudia vipande vile vile kila siku. Mmoja akishaandika hatua za kutafuta kipeuo cha pili, mwenzake huazima daftari na kunakili kwa mkono. Lakini kila kipande kilikuwa na namba zinazoonyesha mahali pake katika kumbukumbu ya mashine, na kikihamishwa, namba hizo zote zilipaswa kujumlishwa upya. Binadamu hukosea kunakili na hukosea kujumlisha. Muda mwingi wa wataalamu ghali ukawa unapotea katika kusaka makosa yasiyo na maana yoyote.

Yeye mwenyewe hakuepuka. Moja ya mashine alizozifanyia kazi ilitumia hesabu za msingi wa nane, ambamo baada ya 7 huja 10. Alizizoea mno hadi hesabu za akaunti yake ya benki zikakataa kulingana. Ilibainika kwamba alikuwa akitoa fedha zake kwa msingi wa nane huku benki ikitumia msingi wa kumi kama watu wote. Kwake hilo lilikuwa onyo: mtu akilazimishwa kufikiri kama mashine, atafika mahali ashindwe kufikiri kama mtu.

Mwaka 1952 alitoa jibu lake, programu iliyoitwa A-0. Tunaweza kuielewa tukifikiria ghala la chama cha ushirika. Badala ya mkulima kuingia ghalani kutafuta jembe, mbolea na magunia, anampa mtunza ghala orodha yenye namba za rafu, na mtunza ghala anavileta vyote kwa mpangilio. Hopper alihifadhi vipande vya programu kwenye utepe, kila kimoja kikiwa na namba yake. Mwandishi alitoa orodha ya namba, na mashine ikatafuta vipande, ikavipanga na kurekebisha yenyewe namba za kumbukumbu. Programu ya namna hii aliiita kompaila. Ukilinganisha na kompaila za leo, A-0 ilikuwa ndogo na rahisi, lakini ilionyesha kwamba kompyuta inaweza kushiriki katika kuandika programu zake.

Wengi hawakuamini. Waliambiana kwamba kompyuta ni ya kupiga hesabu tu. Wengine walihofia kwamba muda wa mashine, uliokuwa ghali sana, ungepotea bure. Na wapo waliokuwa na sababu ambayo hawakuitaja: ujuzi wa tarakimu ulikuwa umewapa heshima na mishahara, na hawakupenda mlango ufunguliwe kwa kila mtu.

Programu moja, lugha tatu

Hopper alipozungumza na wateja wa UNIVAC aligundua jambo jingine. Wahandisi na wanahisabati waliridhika na alama za hesabu, lakini watu wa mishahara, bima na maghala hawakuzitaka. Wao hufanya kazi kwa maneno. Akaona kwamba shughuli zao, hata zikiwa nyingi kiasi gani, hurudia vitenzi vichache: soma, linganisha, hamisha, jumlisha, toa, zidisha, andika. Kwa nini mtu asiiambie mashine maneno hayo hayo?

Mwaka 1955 yeye na timu yake waliwaonyesha wakuu wa kampuni programu ndogo iliyoandikwa kwa maneno ya Kiingereza. Kisha wakawaonyesha ile ile kwa Kifaransa, na ile ile tena kwa Kijerumani. Walidhani wameonyesha jambo rahisi: kwa mashine, neno ni mpangilio wa herufi tu, na mpangilio wowote unaweza kufungwa kwenye amri yoyote. Wakuu wakashtuka. Kwao haikuingia akilini kwamba kompyuta iliyotengenezwa Pennsylvania ingeelewa Kifaransa au Kijerumani. Timu ililazimika kuwatuliza kwa kuahidi kubaki na Kiingereza peke yake.

Tunaomba msomaji wetu asilipite tukio hili haraka. Siku ile ilionekana wazi kwamba Kiingereza ndani ya kompyuta si sharti la umeme wala la hesabu. Ni uamuzi wa watu, uliofanywa kwa ajili ya soko na kwa ajili ya hofu ya mabosi. Kwa mantiki ile ile, karani wa chama cha msingi cha tumbaku angeweza kuandika hivi:

ZIDISHA KILO KWA BEI, WEKA JIBU KATIKA MALIPO.
TOA MKOPO WA PEMBEJEO KATIKA MALIPO.
ANDIKA JINA NA MALIPO.

Mfano huu tumeutunga sisi, lakini kompaila iliyotengenezwa kwa maneno haya ingeutekeleza bila shida yoyote.

COBOL na watu wengi nyuma yake

Kazi ya Hopper ilizaa lugha ya FLOW-MATIC. Wakati huo huo kampuni ya IBM, kupitia timu ya John Backus, ilitoa FORTRAN mwaka 1957 kwa ajili ya wanasayansi. Kila mtengenezaji wa kompyuta alikuwa na lugha yake, na mteja akinunua mashine nyingine alianza upya.

Mwezi Mei 1959, wawakilishi wa Serikali ya Marekani, watengenezaji na watumiaji walikutana Pentagon kukubaliana juu ya lugha moja ya shughuli za biashara. Aliyeanzisha hoja ya mkutano wa namna hiyo alikuwa mwanamke mwingine, Mary Hawes. Kutoka hapo ikatokea COBOL. Magazeti mengi humwita Hopper mama wa COBOL, lakini hakuiandika yeye. Iliandaliwa na kamati iliyokuwa na watu kama Jean Sammet, na Hopper alikuwa mshauri. Hata hivyo msingi wake mkubwa ulikuwa FLOW-MATIC, na wazo la kuandika kwa maneno ya kawaida lilikuwa lile alilopigania. Mwezi Desemba 1960 programu moja ya COBOL iliendeshwa kwenye kompyuta za kampuni mbili zinazoshindana. Hilo lilikuwa jambo jipya.

Kamati ile ilipewa kazi ya muda mfupi, lugha ya kushikilia mpaka ipatikane bora zaidi. Wakazi wa Mpanda hatuhitaji kuelezwa sana juu ya vitu vya namna hiyo. Reli ya Kaliua hadi Mpanda ilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ulifungwa zamani, lakini reli iliendelea kubeba abiria na mazao. COBOL nayo ingali inafanya kazi katika benki na ofisi za serikali duniani, zaidi ya miaka 60 baadaye.

Lawama pia zilikuwepo. Mwanasayansi wa Uholanzi Edsger Dijkstra aliandika mwaka 1975 kwamba lugha hiyo inalemaza akili na haifai kufundishwa. Na tumaini kwamba mameneja wangesoma na kuandika programu wenyewe halikutimia kwa kiasi kilichotarajiwa. Maneno ya kawaida yalipunguza ugumu mmoja, lakini ugumu wa kupanga hatua kwa mantiki ulibaki pale pale. Somo hilo nalo ni la kukumbuka.

Wakati huo, Tanzania

COBOL ilikuwa na miaka mitano tu nchi yetu ilipopata kompyuta yake ya kwanza, iliyofungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi zilizosubiri mashine za namna ile serikalini zilikuwa zile zile zilizomshughulisha Hopper: hesabu, mishahara, kumbukumbu. Safari haikuwa laini. Mwaka 1974 Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, na kwa miaka mingi aliyetaka kuingiza mashine hiyo alihitaji kibali maalumu.

Kiswahili kiliingia kwenye skrini baadaye. Mwaka 2004, mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Miaka michache baadaye zikaja huduma za fedha kwa simu, na menyu za Kiswahili zikafika hadi vijijini. Lakini lugha zinazotengenezea menyu hizo zilibaki za Kiingereza.

Waya mkononi, meli yenye jina lake

Jeshi lilimstaafisha Hopper mwishoni mwa mwaka 1966, kisha likamwita tena mwaka 1967 kwa miezi sita ili aweke utaratibu mmoja wa lugha za programu katika ofisi zake. Miezi sita ikawa miaka mingi. Alisafiri kufundisha, akiwa na vipande vya waya vya urefu wa karibu sentimita 30. Huo ndio umbali ambao ishara haiwezi kuuzidi katika nanosekunde moja, yaani sekunde moja ikigawanywa mara bilioni moja. Aliwagawia maafisa na wanafunzi ili waushike muda kwa mkono na waelewe kwa nini ujumbe wa setilaiti huchelewa. Ofisini kwake alitundika saa inayozunguka kinyume, kuwakumbusha wageni kwamba desturi haithibitishi kwamba hakuna njia nyingine.

Alistaafu kwa mara ya mwisho mwezi Agosti 1986, akiwa na umri wa miaka 79 na cheo cha admirali wa ngazi ya chini (rear admiral). Mwaka 1991 alitunukiwa Nishani ya Taifa ya Teknolojia. Alifariki dunia tarehe 1 Januari 1992, Arlington, jimbo la Virginia, na akazikwa huko kwa heshima za kijeshi. Meli ya kivita ya Marekani ina jina lake, na mwaka 2016 alitunukiwa nishani ya juu ya kiraia ya nchi hiyo akiwa ameshaondoka.

Kwa nini tumemkumbuka Katavi

Katavi ni mkoa wa lugha nyingi. Wabende, Wapimbwe na Wakonongo wamewapokea Wafipa, Wasukuma, Waha na watu wenye asili ya Burundi, na sokoni Mpanda wote huelewana kwa Kiswahili. Tunajua kwa uzoefu kwamba mgeni ndiye hujifunza desturi za mwenyeji. Hopper aliiona kompyuta hivyo hivyo: mashine ni mgeni, watu ndio wenyeji.

Mtoto wetu anayesoma shule ya msingi ya Serikali hufundishwa kwa Kiswahili, kisha akifika kidato cha kwanza hukuta Kiingereza. Akiingia kwenye somo la kompyuta anakutana na milima miwili kwa pamoja: kupanga hatua kwa mantiki, na maneno ya kigeni. Ni rahisi akashindwa na mlima wa pili kisha akaamini ameshindwa na wa kwanza, akaondoka akidhani hana kichwa cha kompyuta. Hapo taifa limepoteza mtu bila sababu.

Milima hiyo inaweza kutenganishwa. Lugha ya Python, ambayo wanaoanza huitumia sana leo, ina maneno maalumu yapatayo 35 tu yasiyobadilishwa. Mwalimu anaweza kuyabandika ukutani na maana zake kwa Kiswahili. Majina mengine mwanafunzi huyachagua mwenyewe, kwa hiyo kilo, bei na malipo ni majina halali kabisa, na maelezo ya pembeni anaweza kuyaandika kwa Kiswahili chote. Hata amri ya kuandika kwenye skrini inaweza kupewa jina la Kiswahili kwa mstari mmoja tu. Mantiki ikishaeleweka hivyo, Kiingereza kitafuata, nacho kinahitajika, kwa sababu vitabu vingi na kazi nyingi za fani hii ziko katika lugha hiyo.

Nani atakayetutengenezea kompaila ya Kiswahili inayotumika kweli, au kama tunaihitaji, ni mjadala wa walimu, wataalamu na wazazi. Ila hoja kwamba kompyuta haiwezi kuelewa Kiswahili tusiikubali kutoka kwa yeyote. Grace Hopper aliijibu mwaka 1955, kwa programu tatu ndogo, mbele ya wakuu ambao hawakutaka kusikia.